Wapangaji wa Sikio la Kushoto

Wakubwa walipomwondoa yule dada wa mapokezi pale zahanati ya mtaa wetu wa Karakana na kutuletea mashine, walituambia sasa tutahudumiwa kwa heshima. Kweli, mashine haitukani. Ila haisikii Kiswahili, na mimi kati ya kutukanwa na kutoeleweka ningechagua kutukanwa, maana yule dada akishamaliza matusi yake alikuwa anakupeleka kwa daktari.

"Karibu, mteja. Tatizo lako ni nini?"

"Sikio la kushoto. Linatoa usaha tangu ujana wangu. Likikauka linarudi. Dokta Zuwena amelichungulia, anasema mle ndani kuna utando."

"Una tatizo la mtandao."

"Utando."

"Mtandao."

"Utando, we bati! U-ta-ndo!"

"Mtandao wako uko wapi?"

"Uko sikioni!" nikapaza sauti, kwa sababu mtu mwenye sikio bovu hupaza sauti hata bila hasira, na mimi hasira nilikuwa nayo.

Benchi zima likacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika mkono. "Baba, sema ndiyo yaishe. Na sisi tunaumwa."

Nikasema ndiyo.

"Hongera," ikajibu mashine. "Mtandao wako umesajiliwa. Fundi atafika."

Mimi sikusoma sana, niliishia pale shule yetu ilipoishiwa walimu, lakini tofauti ya utando na mtandao naijua. Utando ni ule unaokaa juu ya uji ukipoa. Mtandao ni ule unaokatika ukiwa na shida. Hawa waliotununulia mashine wamesoma hadi ng'ambo, na hilo moja hawakufundishwa.

*

Dokta Zuwena ni binti mdogo, na ndiye mtu pekee pale zahanati anayeweza kukaa upande wangu wa kushoto bila kujifanya anakohoa. Harufu ya sikio langu naijua. Hata kwenye misiba watu huniachia nafasi kubwa kuliko bwana harusi.

"Baba Ndahani," akasema, "dawa zote ulizowahi kutia humo hazikuwa mbovu. Ni hivi. Bakteria akiwa peke yake, dawa inammaliza. Wakiwa wengi wanapelekeana habari kwa kemikali, tuseme kwa harufu. Wakinusa kwamba wametosha, yaani akidi imetimia, wanakubaliana kujenga. Wanatoa ute, ute unagandamana na kuta za sikio huko nyuma ya ngoma yake, nao wanajifunika humo humo. Huo ndio utando. Dawa inaishia juu juu."

"Na ile inayopenya?"

"Inakuta wengine wamelala. Hawali, hawaongezeki. Dawa zetu nyingi zinamuua anayefanya kazi, aliyelala zinampita. Sikio linakauka, wewe unashangilia. Baadaye wanaamka."

"Kumbe ndiyo maana wakubwa wetu hawapatwi na kitu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanionyesha picha ya kichwa changu ukutani. Nyuma ya sikio, mahali palipopaswa kuwa na mfupa, palionekana kama ubao ulioliwa na mchwa.

"Kilichobaki kati yao na ubongo wako ni unene wa ganda la yai. Wakilitoboa, sina cha kukufanyia. Ndiyo maana nakuwekea Mjumbe."

Mjumbe ni kidude kama punje ya mchele. Kinapitishwa kwenye tundu la ngoma ya sikio, kinakaa mlangoni mwa wale bakteria, kinawatolea tangazo kwa kemikali zao wenyewe: tawanyikeni. Wakitoka kwenye ute wao, tone moja la dawa linawakuta wako wazi. Wagonjwa wengine wote hufanyiwa hivyo, kisha huenda zao nyumbani kupika.

Lakini mimi nilikuwa nimesajiliwa kama mtandao. Dokta alipokuwa ameshanitia punje yangu, mlango ukagongwa, akaingia jamaa mnene amevaa kofia ya chuma, ana ngazi begani.

"Fundi Elikana, kutoka mitandao. Shikamoo, mzee. Mnara uko wapi?"

Nikamwonyesha sikio.

Akaliangalia. Akaiangalia ngazi yake. "Umeshajaribu kulizima ukaliwasha?"

"Fundi," Dokta akasema, "hapa kuna makosa. Huu ni utando, ni bakteria."

"Kwenye mashine yangu ni mtandao, Dokta. Una watumiaji?"

"Mamilioni, lakini..."

"Basi lazima uwe wa njia mbili. Sheria mpya. Mtandao wowote wenye watumiaji, watumiaji wasikilizwe."

"Watumiaji wenyewe ni wadudu!"

"Sheria haijasema wawe watu," akajibu Elikana, kwa unyonge wa mtu ambaye hakuitunga. Pale mezani Dokta alikuwa na kidude cha kumwongozea Mjumbe, chenye spika; Elikana akakichomeka waya mmoja, akabonyeza mahali, na spika ikaanza kukoroma.

Kwa hiyo naomba ieleweke. Katika nchi hii mimi Ndahani sijawahi kusikilizwa na mtu hata siku moja. Usaha wangu ulisikilizwa siku ya kwanza.

*

"Nani anapiga kelele huko nje?" ikauliza spika.

Ilikuwa kama sauti yangu, ila nyembamba, kama nimefungiwa ndani ya chupa.

"Mbona wanaongea kama mimi?"

Dokta mwenyewe alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia spika. "Mjumbe anatafsiri kemikali zao, na maneno anayachukua kwenye mtikisiko wa taya lako. Maneno ni yako, Baba. Mawazo ni yao." Kisha akainama. "Halo? Mnanisikia? Mimi ni daktari."

Kimya. Akarudia. Kimya tena.

"Hawakutambui," Elikana akasema. "Wanapokea kutoka taya lake tu. Ndilo walilolizoea."

Nikakohoa. "Ni mimi. Ndahani. Mwenye sikio."

"Mwenye sikio ni nani?" ikajibu spika. "Sisi tuko humu tangu zamani, hatujawahi kumwona mwenye sikio akija kukagua."

"Leo nimekuja."

"Leo umekuja kwa sababu una shida. Wakubwa mkija huwa mna shida zenu."

Nilitaka kucheka, ikashindikana. Mimi mkubwa? Mimi, ambaye hata mwenyekiti wa mtaa huwa hanijibu salamu?

"Mimi si mkubwa," nikasema.

"Wote mnaanza hivyo. Maji ya kuoga yanatufurikia mwaka hadi mwaka, umefanya nini? Na lile janga la unyoya! Mtaa mzima wa bondeni ulifagiliwa, hakuna aliyekuja hata kutupa pole!"

Dokta akanigeukia taratibu. "Baba Ndahani. Bado unachokonoa na unyoya wa kuku?"

"Siku moja moja. Likiwasha."

"Malalamiko yamepokelewa," akasema Elikana kwenye spika, kwa mazoea ya kazi.

"Huyo hatumsikii," spika ikasema.

*

Dokta alitaka tumalize upesi. Kila walivyobishana walizidi kuchangamka, na kuchangamka kwa bakteria ni kula. Akanielekeza maneno. Nisiwaambie watawanyike, maana hawa walishakuwa na mazungumzo, wangeuliza kwa nini. Bora niwaambie kitu cha kuwavuta.

"Sema hivi: wakazi wote mtoke nje, mkusanyike uwanjani, kuna mgao. Wakishatoka nadondosha dawa. Kazi imekwisha. Nusu dakika, Baba."

Nikamgeukia.

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Hakuna. Nimeyabuni sasa hivi. Kwani vipi?"

Nikamwambia. Sikutaka kumwambia, lakini mtu akiwa na ganda la yai kichwani anaongea. Kabla ya mtaa wa Karakana tuliishi karibu na reli, mimi na marehemu Mbeleje wangu. Wakubwa wakatuita uwanjani tukagawiwe viwanja. Mbeleje akavaa kitenge kipya, akasema leo nataka nipige picha nikipokea. Tukakaa juani, tukaimbishwa, tukapigishwa makofi. Wakati tunapiga makofi, tingatinga liko kwetu linabomoa. Hakukuwa na kiwanja hata cha kuzikia paka. Masika yakatukuta chini ya turubai, Mbeleje akashikwa na kichomi, na kile kitenge ndicho nilichomfunikia.

"Walituita wavamizi," nikasema. "Kwa hiyo hawakuona kama wamedanganya watu."

Elikana alikuwa amevua kofia yake. Dokta akasema kwa upole, lakini akasema:

"Baba, wale walikuwa watu. Hawa ni bakteria. Wewe ndiye mtu hapa. Usiponisaidia utakufa, nao watakufa ndani yako. Huruma yako haitamwokoa yeyote."

Alikuwa sahihi. Ndicho kinachoniudhi kwa watu waliosoma, wakati mwingine wanakuwa sahihi.

Nikasogea kwenye kidude. Nikafumbua mdomo. "Wakazi wote," nikaanza, "mtoke nje, mkusanyike uwanjani..."

"Kuna nini uwanjani?"

"Kuna... kuna mambo mazuri."

"Mambo gani? Yataje!"

"Mtayakuta huko huko."

"Tunataka kwa maandishi!" ikalia spika. "Mkubwa akikuita uwanjani, mwache mtu nyumbani! Mwenyewe umesema, taya lako linasema hilo kila siku!"

Ni kweli, nalisema. Nalisema nikila, nikinyoa ndevu. Miaka yote hiyo nilidhani naongea peke yangu.

"Jamani, tulieni," nikasema. "Haya ni maendeleo yenu. Watu wachache wasiwapotoshe. Mimi kiongozi wenu nawajali sana..."

Nikajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Yalitoka yenyewe! Hayakuhitaji shule, hayakuhitaji uchaguzi. Unakaa kwenye kiti tu, yanakuja.

Elikana akageukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Kule ndani ikawa kelele ya namna yake, kama uji unaotokota. "Wanapiga kura," Dokta akanong'ona. Kisha spika ikatulia, ikasoma kwa sauti ya baraza:

"Akidi imetimia. Wakazi wameazimia kwamba kichwa hiki ni chetu. Tulikikuta kitupu, tukakijenga. Bwana Ndahani ahame."

Nadhani hata mgonjwa wa chumba cha pili alisikia Dokta Zuwena alivyocheka.

"Sasa umepata sababu," akasema akifuta machozi. "Wamekufukuza kwako. Wadanganye."

Na hapo ningeweza. Hasira ilinipanda, na mtu akiwa na hasira uongo hauna uzito. Lakini niliwaza: wale wakubwa waliotubomolea kule reli nao walikuwa na hasira na sisi. Tulikuwa tumewazomea wiki nzima.

"Dokta," nikasema, "huna mahali pa kuwaweka?"

"Kuwaweka bakteria?"

"Wanaotaka."

Alinitazama kama anayepima homa kwa macho. Akafungua kabati la joto, akatoa kisahani cha kioo chenye mfuniko, ndani kuna kitu kama mchuzi ulioganda. "Nina hiki. Huwa nawaotesha humu nikitaka kuwachunguza. Joto ni kama la mwili. Lakini ni kidogo, Baba, wote hawaenei. Na watakaobaki nje ya kisahani, dawa lazima niidondoshe. Kwa hilo sitakubaliana na wewe hata ukilia."

"Hutawachoma?"

"Sitawachoma. Kusema kweli, sijawahi kuona bakteria wanaomtukana mtu. Nitawatunza kuliko mboni ya jicho."

Akanilaza kwa upande wa kushoto, akaniwekea bomba jembamba kutoka sikioni hadi kwenye kisahani. Nikazungumza nikiwa nimelala, nusu ya mdomo iko kwenye shuka.

"Wapangaji," nikasema. "Uwanjani hakuna kitu. Nilitaka kuwadanganya."

Ule uji ukaacha kutokota.

"Mnakula mfupa. Mkimaliza mfupa mtaingia kwenye ubongo, nitakufa, na mkishazikwa na mimi mtapoa. Hilo la kwanza. La pili, hapa kuna kisahani. Kina chakula. Ni kidogo, hamtaenea wote. La tatu, watakaobaki kwenye njia watamwagiwa dawa na watakufa, na mimi ndiye niliyekubali wamwagiwe. Sitawaambia ni kwa faida yenu. Ni kwa faida yangu. Basi. Sina la kuongeza."

Dokta akaanza kugusa-gusa waya. Mimi nilikuwa nahesabu makosa yangu kwa Mungu, nikaona ni mengi, nikaacha.

"Mbona unatuambia mabaya?" ikauliza spika, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Mkubwa gani anakuja na mabaya matupu?"

"Sijui kazi," nikasema. "Ni siku yangu ya kwanza."

Wakanong'onezana.

"Huko kwenye kisahani, mkubwa ni nani?"

Nikamtazama Dokta. Akajielekezea kidole kifuani, kuuliza, mimi? Nikatikisa kichwa. "Wewe ni mpishi tu," nikamwambia. Kisha nikawajibu, na hilo nililijibu kwa moyo wangu wote:

"Hakuna. Huko hakuna mkubwa."

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Kwanza nilihisi muwasho, halafu joto, halafu kitu kama pazia zito linavutwa kutoka ukutani mwa kichwa changu. Spika ikawa vurugu tupu: "Sogea!" "Usinikanyage!" "Amsha hao waliolala!" "Mwache bibi atangulie!" Ute ukashuka bombani, mweupe, mzito, harufu yake ikamtoa Elikana chumbani mbio na kofia yake.

Si wote waliotoka. Wengine walikuwa wakisema huu ni ujanja tu, mkweli ndiye mwongo mkubwa zaidi. Niliwaelewa. Ningekuwa mle, ningekuwa nao. Niliwaita mara kwa mara, kwa upole, kwa ukali, nikawaita "ndugu zangu", hawakujibu tena. Wengine walijaa bombani, hawakuenea.

"Baba," Dokta akasema, ameshika chupa ya dawa. "Imetosha. Nidondoshe?"

Alitaka niseme mimi. Ningeweza kunyamaza, naye angedondosha, na mikono yangu ingebaki safi kama ya wakubwa.

"Dondosha," nikasema.

Akachomoa bomba, akanigeuza sikio likawa juu. Tone lilikuwa baridi.

*

Nilipoketi, kitu cha kwanza kilichonifikia upande wa kushoto kilikuwa sauti ya kandambili ya Dokta ikiburuzwa sakafuni. Sikuamini kandambili ina sauti nzuri hivyo. Halafu maji kwenye sinki. Halafu yule mama wa benchini kule nje akibishana na mashine: "Kifua! Nimesema kifua, sikusema kifaa!"

Elikana alirudi amejifunga kitambaa puani. Alikuwa na huzuni kidogo, kwa sababu mtandao ulikuwa umehama, na sheria inasema ukihama, njia zake mbili zinahama nao. Akachomoa Mjumbe sikioni mwangu kwa koleo dogo, akamsuuza, akamtumbukiza kwenye kisahani. Taya langu akaliunganisha kwa kibandiko, akisema nikitaka kuondoka nikibandue tu. Spika ikakoroma.

"...kwa hiyo kwa kauli moja," ikasema, "tumemchagua mwenyekiti."

Dokta Zuwena akajiegemeza ukutani. "Hata robo saa haijapita!"

"Hapa anaongea mwenyekiti," spika ikaendelea, na sauti ilikuwa imeshanenepa. "Wakazi wana kero. Mchuzi hauna chumvi ya kutosha. Upande wa mashariki kuna mwanga mkali. Na waliobaki njiani wana ndugu zao hapa. Wanauliza, na wanataka jibu la nani aliyesema 'dondosha'."

Elikana akapeleka kidole kwenye swichi. "Mzee, hili naweza kulizima. Nikisema mtandao unafanyiwa matengenezo, sheria inaruhusu."

Kibandiko kilikuwa kinawasha shavuni. Mlango ulikuwa wazi, jua la nje zuri, na nilikuwa na sikio jipya la kwenda nalo popote. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya kisahani, nikakielekezea upande wa kushoto.

"Acha hiyo swichi, fundi," nikasema. "Ni mimi niliyesema. Haya, semeni. Mmoja mmoja."